Ulimi wa Uzi Mwekundu

Dalabrog, Uist ya Kusini
4 Machi 1958

Mdogo wangu Beathag,

Pokea salamu zetu. Natumai wewe na shemeji Archie hamjambo, na kwamba kifua chake kimepata nafuu baada ya ukungu wa Glasgow. Sisi huku ni wazima. Upepo umechukua paa la banda la ng'ombe, lakini ng'ombe mwenyewe hakuwemo. Viazi vya mbegu viko salama.

Ndimi za zumari ulizonichongea kwa matete zimefika, kila moja katika pamba yake. Kwa macho ni nzuri. Kwa sauti ni kama za kila mwaka: noti za juu zinapanda mno, nami nimelazimika kuzitengeneza upya kabla ya kuzitia katika zumari la mazoezi, lile lisilo na mfuko. Sikulaumu. Baba alitugawia kazi, mimi kupiga na wewe kuchonga, na mchongaji hasikii yote anayoyasikia mpigaji.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu si hilo. Ni mjukuu wetu Raonaid. Unakumbuka kwamba mwaka jana alikwenda Inverness kwenye mashindano ya vijana wa zumari la mfuko. Mwamuzi alimwandikia hivi: vidole safi, mwendo mzuri, noti ya juu kabisa imeshuka. Akawa wa mwisho. Majira yote ya baridi hakulizungumzia. Juma lililopita nilikuwa namfundisha jikoni, akaacha kupiga katikati ya wimbo, akaliweka zumari la mazoezi mezani.

"Babu," akasema, "noti yako ya juu imelala."

"Haijalala. Imetulia. Ndivyo ilivyokuwa kwa baba yangu."

"Basi kiziwi ni mwamuzi au ni wewe. Mkishaamua, mniite. Mimi naenda kukamua."

Tangu siku hiyo hajaligusa zumari. Anasema Agosti haendi Inverness, na ameanza kuulizia nafasi ya kusomea uuguzi mjini. Wanafunzi wangu wengine wote wako baharini au Canada. Huyu akiacha, nitabaki nampigia ng'ombe.

Yeye anakuamini wewe kuliko anavyoniamini mimi, kwa kuwa hujapata kumgombeza. Mwandikie kwamba mwamuzi alikosea.

Ni mimi kaka yako,
Lachlann


Govan, Glasgow
17 Machi 1958

Kaka yangu Lachlann,

Shikamoo. Barua yako imetukuta wazima. Archie bado anakohoa lakini amerudi kazini kwenye kiwanda cha meli. Bibi Docherty wa ghorofa ya chini bado analalamika kwamba nikijaribu ndimi zangu jengo zima linasikika kama nimefuga bata. Nimemwambia bata wangetaka chakula, hizi hazitaki. Pole kwa paa.

Kuhusu Raonaid, siwezi kumwandikia mtoto jambo ambalo silijui. Nieleze kwanza unazifanyia nini ndimi zangu. Hakuna ulimi unaotoka jikoni kwangu kabla sijaujaribu katika zumari la mazoezi, na noti zake za juu hazipandi.

Jaribu hivi. Piga ile noti ambayo kidole kidogo peke yake kimeinuliwa, kisha piga ya juu kabisa. Zinatakiwa ziwe noti moja, kama baba na mtoto wanaoimba wimbo mmoja kanisani. Ya juu ikiwa imeshuka, usukume ulimi kidogo, kidogo sana, ndani ya kiti chake, lile tundu unamokaa, kwa sababu noti za juu hupanda haraka kuliko za chini. Ikiwa imepanda, uvute nje na uongeze uzi kwenye shina ili ukae hapo hapo. Ukiwa mgumu kupuliza, usikimbilie kisu. Ulowanishe mdomoni, kisha uibane midomo yake, yale matete mawili, kwa kidole gumba na cha shahada, pale chini karibu na shingo, kwa upole kama unayepima joto la mtoto. Ukiwa mlegevu, ubane pembeni ili midomo ifunguke. Kisu ni cha mwisho, maana ulichokwangua hukirudishi.

Najua unayajua haya yote. Nimeyaandika ili unijibu ni lipi kati yake unalolifanya kwa namna nyingine.

Msalimie mjukuu wangu. Mwambie gauni alilolipenda limeshonwa.

Mdogo wako,
Beathag


Dalabrog
2 Aprili 1958

Mdogo wangu Beathag,

Marahaba. Sisi hatujambo. Paa limerudi mahali pake.

Nimesoma somo lako. Nilikuwa nikikaza ndimi katika zumari kabla hujaota meno ya pili, lakini kwa kuwa umeuliza, nitajibu.

Ndimi zako nazizungushia uzi mwingi shinani na kuziweka nje, mpaka noti ya juu itulie. Sifanyi hivyo kwa kubahatisha. Kila ulimi mpya ukija, natoa zumari la mazoezi la Baba kutoka kwenye kasha, nalipuliza mara moja, kisha naulinganisha ulimi mpya nalo mpaka sauti ziwe moja. Ndivyo nilivyofanya tangu alipofariki, na hiyo ndiyo sauti niliyowafundisha wote waliopita jikoni kwangu.

Jambo hili sijapata kukwambia. Niliporudi kutoka vitani Ufaransa mwaka 1919, nilipanda njia ya kwetu na mzigo wangu mgongoni, na kabla sijaona moshi wa nyumba nilimsikia Baba akipiga zumari la mazoezi mlangoni. Wimbo niliutambua. Noti ya juu sikuitambua. Ilikuwa chini kuliko nilivyoikumbuka. Nikajua mizinga imeniharibu masikio. Wengi walirudi hivyo. Sikumwambia mtu, kwani mpiga zumari asiye na masikio ni mzigo kwa wenziwe. Nilikaa na Baba mwaka mzima nikiyarudisha masikio yangu kwenye sauti yake, mpaka nikaacha kusikia tofauti.

Kwa hiyo usinitumie somo la baba na mtoto wanaoimba kanisani. Baba yetu ndiye aliyeimba, nami nikafuata.

Nimeweka humu ulimi wako mmoja kama nilivyoutengeneza, pamoja na uzi wake, ili uone kazi yangu. Ukishauona, mwandikie Raonaid.

Ni mimi kaka yako,
Lachlann


Govan
20 Aprili 1958

Kaka yangu Lachlann,

Shikamoo. Tuko salama. Archie amepewa dawa mpya ya kifua yenye harufu ya lami, na anainywa kwa sababu mimi nasimama mbele yake.

Nimeutia ulimi ule katika zumari langu bila kugusa uzi wako. Umekaa nje kwa unene wa ukucha wa gumba. Nilipiga noti ya chini, nikapiga ya juu. Archie, ambaye hawezi kutofautisha zumari na king'ora cha kiwanda, aliinua uso kutoka kwenye gazeti.

"Hiyo ya juu imechoka," akasema.

Kaka, mwamuzi hakukosea. Siwezi kumwandikia Raonaid kwamba alikosea. Sikio ulilompa ndilo alilolitumia kupangia zumari lake la mfuko, na ndilo lililomweka mwisho.

Lakini kazi yako ni ya uaminifu, nimeipima. Tatizo liko kwenye kile unacholinganisha nacho. Wewe ulikuwa unaangalia vidole vyako alipokuwa akikufundisha kabla ya vita. Mimi nilikuwa chini ya meza nikizoa maranda ya matete, sina la kufanya ila kusikiliza. Noti ya juu ya zumari lile ilikuwa imesimama. Ikiwa mwaka 1919 ilikuwa imelala, basi kuna kitu kilichobadilika ndani yake wewe ukiwa mbali. Lifungue uangalie ulimi umekaaje.

Usinikasirikie. Ukinikasirikia, lifungue hata hivyo.

Mdogo wako,
Beathag


Govan
9 Julai 1958

Kaka yangu Lachlann,

Shikamoo. Natumai mko wazima na mboji yenu ya kinamasi mnayochoma badala ya kuni imekauka. Sisi hatujambo.

Nilikuandikia Aprili na sijapata jibu. Nisingekusumbua, ila Raonaid ameniletea barua. Anasema: "Bibi, Babu hutoa zumari la baba yake kwenye kasha, hulipakata, halafu hulirudisha. Jana nilimuuliza kama anaumwa, akaniambia nikachote maji, na ndoo ilikuwa imejaa. Umemwandikia nini?"

Swali hilo sikumjibu. Wa kumjibu ni wewe.

Mashindano ni mwisho wa Agosti. Bado hajajiandikisha kwenye uuguzi, nimemuuliza. Anakungoja wewe, kaka, ingawa hatakwambia. Mimi nami sitaandika tena juu ya jambo hili.

Mdogo wako,
Beathag


Dalabrog
3 Agosti 1958

Mdogo wangu Beathag,

Marahaba. Sisi tu wazima. Mboji ilikauka vizuri na iko chini ya ukuta.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ilipokwisha nilikuwa na hofu. Baba alilifunga zumari lile kwa mikono yake, na hakuna aliyelifungua baada yake. Nilihisi kama nikilifungua nitatoa kilichobaki ndani.

Leo baada ya misa nilimwita Raonaid jikoni.

"Shika sehemu ya chini," nikamwambia.

"Tunafanya nini?"

"Tunatafuta kiziwi."

Kiungo cha zumari la Baba kilikuwa kimeshikana kama mfupa. Tulikizungushia kitambaa cha moto, tukangoja, kisha yeye akavuta kwake na mimi kwangu. Kikaachia ghafla, na Raonaid akaenda kukaa ndani ya ndoo ya viazi. Tulicheka sana. Sikutegemea kwamba ningecheka leo.

Sasa nakueleza nilichokiona. Shina la ulimi limezungushiwa uzi mweusi wenye nta, tabaka juu ya tabaka, kiasi kwamba ulimi usingeweza kuzama hata ukiusukuma kwa nguvu. Ule ni mkono wa Baba, naujua. Lakini shingoni, pale vipande viwili vinapofungwa kwenye kibomba cha shaba, uzi si wake. Ni wa sufu, na ni mwekundu. Baba hakutumia uzi mwekundu maisha yake yote. Vipande vyenyewe si matete ninayoyajua. Ni vizito na vinang'aa kwa nje. Na fundo limefungwa kinyume.

Raonaid alikuwa ameinama karibu nami.

"Fundo hilo limefungwa na mtu wa mkono wa kushoto," akasema. "Bibi Beathag si anaandika kwa kushoto?"

Katika nyumba ya baba yetu mtu wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu.

Nimekuwekea ulimi huo ndani ya kiberiti, umefungwa kwa pamba yako mwenyewe. Utazame, kisha uniambie umetoka wapi. Niambie kweli hata kama haitanipendeza.

Ni mimi kaka yako,
Lachlann


Govan
9 Agosti 1958

Kaka yangu Lachlann,

Shikamoo. Tuko salama.

Nilijua kabla sijamaliza kuifunua pamba. Ni wangu. Ni ulimi wa kwanza niliouchonga maishani.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 1916. Wewe ulikuwa Ufaransa. Matete kutoka Hispania yalikuwa hayafiki kwa sababu ya vita, na ulimi wa mwisho wa Baba ulikuwa umepasuka. Zumari lilikaa ukutani, naye alikuwa akila bila kusema na kulala bila kusema. Wageni wa nyumba ya uwindaji walikuwa wameacha ufito wa mwanzi wa kuvulia samaki uliovunjika. Siku Baba alipokwenda ufukweni kukusanya mwani, nilichukua kisu chake, nikakata kipande cha ufito ule, nikachonga nilivyomwona akichonga. Uzi nilikosa. Nikautoa kwenye soksi nyekundu ambazo Mama alikuwa akikufumia wewe. Kama soksi moja ilikufikia fupi, sasa unajua sababu.

Baba aliporudi nilimpa. Aliutazama, akaupuliza ukiwa mkavu, ukalia kama mlango.

"Huu bado unataka kuvua samaki," akasema.

Kisha akautia mfukoni. Kesho yake alinikalisha mezani, akaanza kunifundisha kuchonga. Mimi nilidhani ulimi ule aliutupa motoni, na kwa namna ulivyolia nisingemlaumu; zumari lilikuwa bado ukutani nilipokuja kufanya kazi huku Glasgow. Vita vilipokwisha matete yakaja, nikamchongea ndimi nzuri, na kila mmoja aliupokea na kushukuru. Sasa naelewa kwa nini wanafunzi wake hawakukosa ndimi kamwe: aliwapa hizo.

Nimeuchunguza kwa kioo cha kukuzia. Upande mmoja una alama ndogo za kisu zinazotoka chini kwenda juu. Mimi hukwangua kutoka juu. Kwa hiyo alijaribu kuurekebisha, akaona kwamba akiendelea utakufa, akaacha. Nimeujaribu katika zumari langu, uzi wa shinani nikiwa nimeufungua kwa muda: ukizama unakaba, hautoi pumzi. Ndiyo maana akauzungushia uzi mwingi ule na kuuweka nje. Ukikaa nje unapumua, lakini noti za juu zinashuka. Alikuwa na masikio kuliko sisi wote. Alijua zimeshuka. Akaziacha zishuke.

Na wewe, kaka, ulirudi kutoka Ufaransa na masikio mazima. Ulichokisikia njiani siku ile ndicho kilichokuwepo.

Kwa Raonaid nimetuma ndimi mbili mpya. Ziweke kama nilivyoandika Machi, na uzi usizidi niliouweka mimi. Ule wa zamani naurudisha. Nilikuwa nimekaa nao mezani, kisu mkononi, kwa sababu siku hizi najua dawa yake: ningeupunguza pembeni kidogo, ningeufungua shingoni, ungezama bila kukaba. Nimekirudisha kisu kwenye droo. Archie ameniuliza macho yana nini. Nimemwambia ni ile dawa yake.

Mdogo wako,
Beathag


Dalabrog
23 Novemba 1958

Mdogo wangu Beathag,

Marahaba. Natumai hamjambo nyote wawili, na Bibi Docherty pia. Sisi ni wazima. Usiudhike kwa kuchelewa kwangu. Nilitaka kwanza siku ya kumbukumbu ya kifo cha Baba ipite, ndipo nikuandikie yote pamoja.

Ulimi wako mpya niliusukuma ndani ulivyosema. Nilipiga noti ya chini, kisha ya juu. Ya juu ilisimama, nami niliijua papo hapo. Ndiyo niliyokwenda nayo vitani. Nilikaa nayo kama mtu aliyeambiwa ndugu yake amekufa, halafu akakutana naye sokoni.

Nilimwita Raonaid kutoka bandani.

"Mmeshaamua?" akauliza.

"Tumeamua. Kiziwi si mwamuzi."

"Basi ni wewe."

"Si mimi pia. Kaa, nikusimulie."

Nilimsomea barua yako yote. Aliniomba niirudie pale penye soksi. Kisha tukalishusha zumari lake la mfuko na kulipanga upya. Kulikuwa na utepe niliokuwa nimeubandika juu ya tundu la juu ili noti itulie. Aliubandua mwenyewe kwa ukucha, akanipa mkononi kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa.

Inverness mwamuzi alikuwa yule yule. Raonaid amekuwa wa nne. Nimeisoma karatasi yake mbele na nyuma. Juu ya noti ya juu hakuna neno. Amemwandikia tu kwamba anagonga mguu kwa nguvu mno. Raonaid amefurahi. Anasema hilo walau ni kosa lake mwenyewe. Uuguzi ataanza Januari huko kwenu, na zumari anakuja nalo. Mwandalie kitanda, na mwandae Bibi Docherty.

Wanafunzi wangu wa zamani nimeanza kuwaandikia, popote walipo, kwamba wasukume ndimi zao ndani kidogo. Mmoja wa Halifax, kule Canada, amenijibu kwamba alikwisha kufanya hivyo miaka mingi iliyopita, akaona aibu kuniambia.

Tarehe kumi na tisa ilikuwa siku ya Baba. Baada ya misa niliutoa ulimi wako wa uzi mwekundu ndani ya kiberiti, nikautia katika zumari lake pamoja na uzi wake mweusi wote, nje kabisa, kama alivyouweka yeye. Sikubana kitu, sikuzungusha kitu. Nikapiga ule wimbo aliokuwa akiupiga mlangoni, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Raonaid alikaa kwenye benchi karibu na moto, akasikiliza bila kutikisika.

"Babu," akasema nilipomaliza, "noti ya juu imelala."

Nikamwambia, "Iache ilale."

Ni mimi kaka yako,
Lachlann